Ufundi wa Kichwa cha Ujumbe

Ujumbe wa SOAP (itifaki ya mifumo kupelekeana ujumbe kwa XML) ukitoka kwenye mfumo wa hospitali kwenda kwenye mfumo wa bima husafiri ndani ya bahasha, na ndani ya bahasha hiyo mna sehemu mbili: kichwa na mwili. Mwili ndio wenye wapenzi wengi. Humo mna jina la mgonjwa, dawa alizopewa na kiasi cha fedha kinachodaiwa. Humo ndimo mkurugenzi anamochungulia akitaka kujua kama mfumo alioulipia unafanya kazi. Kichwa hakina wa kukiulizia. Kanuni za SOAP zenyewe zinauruhusu ujumbe usafiri bila kichwa, ingawa kikiwepo ni sharti kiutangulie mwili. Nataka kukisifu hicho kisichoulizwa, na kuwasifu zaidi mafundi wanaokishika vizuri, kwa kuwa katika kazi zote za kuunganisha mifumo sijaona nyingine inayodai uaminifu kiasi hiki mahali ambapo hakuna anayetazama.

Kinachowekwa kichwani ni yale yanayouhusu ujumbe bila kuwa ujumbe wenyewe: nani ameutuma, ana uthibitisho gani, namba yake ni ipi, unajibu ujumbe upi uliotangulia, majibu yapelekwe wapi. Aliyewahi kukaa masijala ya ofisi ya serikali anaijua hali hii. Barua inaingia na Kumb. Na. yake juu, tarehe, na pengine muhuri wa SIRI. Karani anajua jalada la kuiweka na meza ya kuipeleka, na hana ruhusa wala haja ya kujua mle ndani mmeandikwa nini. Mashirika makubwa yaliona mapema kwamba mifumo yao ingehitaji ukarani wa namna hiyo. Kanuni ya WS-Security ya shirika la viwango OASIS, ya mwaka 2004, ikaupa ujumbe tokeni na sahihi. WS-Addressing, iliyopitishwa na W3C mwaka 2006, ikaupa MessageID na RelatesTo. Kisha kila shirika likaongeza vya kwake: msimbo wa tawi, lugha ya mteja, namba ya muamala ya mfumo wa zamani uliogoma kustaafu. Hivi vya kujitungia ndivyo vinavyompa fundi kazi, maana hakuna maktaba ya programu inayovijua. Lazima mtu akae na kuviandikia programu yeye mwenyewe.

Jambo ninalolipenda kuliko yote katika SOAP ni alama moja ndogo iitwayo mustUnderstand. Imo katika toleo 1.1, lililochapishwa na W3C tarehe 8 Mei 2000. Mtumaji akiibandika kwenye kipengele cha kichwa na kuipa thamani 1, anamwambia mpokeaji: hiki ukikielewa, kitekeleze, usipokielewa, usiuguse ujumbe wangu, urudishe na useme kwamba hukuelewa. Toleo 1.2, lililopitishwa Juni 2003, likakaza zaidi. Mpokeaji avikague vichwa vyote vya lazima vilivyoelekezwa kwake kabla hajaanza kutekeleza chochote, asije akahamisha fedha kwanza halafu akagundua katikati ya njia kwamba kulikuwa na sharti asilolijua. Akikwama kwenye kimoja tu, anarudisha kosa, na katika jibu lake anaweza kuvitaja kwa majina vile vilivyomshinda, kwa kipengele kiitwacho NotUnderstood. Kukiri kutoelewa kumewekewa nafasi yake ndani ya itifaki, tena nafasi ya heshima.

Uzito wa jambo hili unaonekana ukiigeukia HTTP. Huko desturi ni kinyume: seva ikikuta kichwa isichokijua, inakipuuza na kuendelea. Desturi hiyo imeisaidia sana wavuti kukua, kwa sababu kivinjari cha leo kinaweza kuzungumza na seva ya miaka ishirini iliyopita bila ugomvi. Lakini kupuuza kimyakimya ni hatari pale sharti linapokuwa la lazima. Henrik Frystyk Nielsen, aliyeandika HTTP 1.0 pamoja na Tim Berners-Lee na Roy Fielding, alijaribu na wenzake wengine kuliziba pengo hilo kwa RFC 2774 ya Februari 2000. Kichwa kiitwacho Man kingetaja masharti ya lazima, jina la ombi lingetanguliwa na M-, na seva isiyoyaelewa masharti ingekataa kwa namba 510. Pendekezo halikushika. Mabaki yake unayakuta leo kwenye runinga na ruta za nyumbani, ambazo bado hutuma kichwa cha MAN zinapotafutana kwa UPnP. Miezi mitatu baadaye jina la Nielsen lilikuwa miongoni mwa waandishi wa SOAP 1.1, na humo wazo la sharti la lazima likapata makao.

Hata hivyo alama ni maandishi tu mpaka ipate fundi. Katika Java, kanuni za JAX-WS za mwaka 2006 zinampa fundi vipande vya programu viitwavyo hendla, vinavyopangwa mstari. Ujumbe unaotoka unazipitia kwa mpangilio mmoja, unaoingia unazipitia kinyumenyume. Hendla ya SOAP ina kazi nne: handleMessage, handleFault, close na getHeaders. Hiyo ya mwisho kwa kawaida ni mistari michache: inarudisha orodha ya majina ya vichwa ambavyo hendla inadai kuvielewa. Injini ya huduma inaisoma orodha hiyo na kuilinganisha na vichwa vilivyowekewa mustUnderstand. Kilichomo kwenye orodha kinapita. Injini haiulizi zaidi.

Hapo ndipo fundi anapojulikana. Tuseme mshirika anatuma kichwa cha Security chenye jina la mtumiaji na uthibitisho wa nenosiri, amekiwekea mustUnderstand, na huduma yako haijui WS-Security. Ujumbe unakataliwa. Ni saa kumi na moja jioni, mradi umechelewa, na ushauri unaozunguka kati ya waandaaji wa programu ni mwepesi: andika hendla, ndani ya getHeaders rudisha jina la Security, ndani ya handleMessage rudisha true. Kosa linatoweka, madai yanapita, watu wanakwenda nyumbani. Na nenosiri halijakaguliwa na yeyote. Huduma imeapa kwamba imeelewa kitu ambacho haikukitazama, na mshirika kule aliko analala akiamini kuna anayekagua. Sijui uongo mwingine katika programu ulio mfupi hivi na wenye madhara makubwa hivi. Unaniuma zaidi kwa sababu umewekwa mahali pale pale palipotengenezwa ili ukweli usemwe.

Fundi ninayemsifu hafanyi hivyo. Anakisoma kipengele. Anachukua nonsi, yaani thamani ya kutumika mara moja tu, na wakati wa kuundwa kwa tokeni, anaviunganisha na nenosiri analolijua, anapiga hashi ya SHA-1, analinganisha na iliyoletwa. Anazitunza nonsi zilizokwisha kutumika ili ujumbe ulionaswa leo usirudiwe kesho, na anaukataa uliopitwa na wakati. (SHA-1 imezeeka, na njia hii inailazimu seva kulijua nenosiri lenyewe, kwa hiyo isitumike bila TLS, lakini kwa mshirika aliyekwisha kuichagua ndiyo kanuni iliyopo.) Anahakikisha pia kwamba kichwa hicho hakinakiliwi kizima kwenye faili za logi, ambako kila mwenye ruhusa ya kusoma logi angekiona. Baada ya yote hayo ndipo analiandika jina la Security kwenye orodha ya getHeaders.

Kichwa kinaweza pia kuwa maficho. Mwaka 2005 Michael McIntosh na Paula Austel walieleza shambulio ambalo kila anayeshika kazi hii anapaswa kulisoma. Sahihi ya kidijitali katika XML mara nyingi hukitambua kilichosainiwa kwa Id yake, bila kujali kimekaa wapi ndani ya bahasha. Mshambuliaji anauchukua mwili halali pamoja na Id yake, anauhamishia kichwani ndani ya kipengele alichokibuni mwenyewe, kisha anaweka mwili mwingine mahali pake. Mkaguzi wa sahihi anaifuata Id, anaukuta mwili wa awali huko kichwani, anahesabu, anaridhika. Programu ya biashara nayo inakwenda moja kwa moja mahali pa mwili na kuitekeleza amri ya mshambuliaji. Kile kipengele cha kubuni hakina sharti la lazima, hivyo kinapuuzwa kihalali kabisa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr huko Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba hata kiolesura cha SOAP cha Amazon EC2 kilikuwa wazi kwa mashambulio ya aina hiyo, na tundu likazibwa. Kwa hiyo fundi haridhiki kusikia kwamba sahihi imekubali. Anataka kujua imekubali kipengele gani, kilichokaa wapi, na kama ndicho hicho hicho programu inachokwenda kukitekeleza. Na kwa sababu hiyo hiyo anaujali mpangilio wa hendla zake: ile inayoongeza msimbo wa tawi ikikaa baada ya ile inayosaini, msimbo huo unasafiri bila ulinzi, na yeyote aliye njiani anaweza kuubadilisha.

Wengi wetu leo tunaunganisha mifumo bila SOAP, lakini vichwa vya kujitungia havijatuacha. Nchini Tanzania, taasisi inayokusanya malipo ya serikali kupitia mfumo wa GePG hutuma XML yenye sahihi, na juu yake vichwa viwili vya HTTP, Gepg-Com na Gepg-Code, hicho cha pili kikibeba msimbo wa taasisi unaoanza na herufi SP. Mwananchi anayelipa kwa kontroo namba kwenye simu yake hatakaa avijue. Vitazame vilivyoandikwa: kistari cha kati, wala si cha chini. Kuna sababu. Programu nyingi hupokea vichwa kwa desturi ya zamani ya CGI, ambapo jina hugeuzwa herufi kubwa, kistari cha kati kikawa cha chini, na HTTP_ ikatangulia. Gepg-Code inakuwa HTTP_GEPG_CODE. Gepg_Code nayo ingekuwa hivyo hivyo, na mjanja angeweza kukipenyeza cha pili kikajifanya cha kwanza. Ndiyo maana nginx, isipoelekezwa vingine, hukitupa kichwa chenye kistari cha chini, bila kumjulisha aliyekituma. Anayekiita kichwa chake branch_code atakiona kikitoka kwenye mashine yake, na upande wa pili hakitafika. Kiambishi X- nacho, kilichozoeleka kwa vichwa vya namna hii, RFC 6648 ya Juni 2012 ilishauri kiachwe, kwa sababu vya majaribio vilikuwa vikigeuka vya kudumu na jina la majaribio likavigandia.

Kuhamia REST na JSON kumetupa wepesi, na siulilii mzigo wa XML. Ninachokililia ni ile alama ya mustUnderstand. Chukua Idempotency-Key, kichwa kinachotumiwa na Stripe na watoa huduma wengine wa malipo: mteja anaweka ufunguo wa pekee juu ya ombi lake, ili ombi likirudiwa kwa sababu mtandao ulikatika, seva ilitambue na isimtoze mtu mara mbili. Kitume kwa seva isiyokijua. Itakipuuza kama HTTP inavyoiruhusu, itajibu 200, na mteja ataendelea kuamini kwamba amekingwa. Hakuna mustUnderstand ya kumwokoa. Imebaki kwa fundi kufanya kwa mkono kile ambacho itifaki imekiacha. Akiwa upande wa seva, alikatae kwa 400 ombi la malipo lisilo na ufunguo, na aandike kwenye maelezo ya huduma ni vichwa vipi inavitekeleza. Akiwa upande wa mteja, aende kwenye mazingira ya majaribio, atume ombi lile lile mara mbili kwa ufunguo mmoja, ahesabu miamala iliyoingia, na ikiwa ni miwili asikubali mfumo uanze kazi, hata kama tarehe ya uzinduzi imekwisha kutangazwa.