Pigo Linaloanzia Unyayoni

Mpira wa gofu, ambao kisheria uzito wake hauzidi gramu 45.93, hugusana na fimbo kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na watazamaji walioikodolea macho mikono ya mchezaji huipa mikono hiyo sifa ambayo kwa haki ni ya miguu. Anayejizungusha hana pa kujiegemeza isipokuwa ardhi: akiisukuma, nayo humsukuma kwa kiasi kilekile kuelekea upande wa pili, kama Newton alivyoeleza mwaka 1687, na msukumo huo unaorudi ndio uitwao kani ya mwitiko wa ardhi.

Ufundi huu wa kuisukuma ardhi ulionekana waziwazi kwa Mmarekani Sam Snead, mzaliwa wa Virginia wa mwaka 1912 aliyeshinda mashindano 82 ya PGA Tour. Fimbo ikishafika juu, kabla haijashuka, magoti yake yote mawili yalikunjika na kutanuka kana kwamba anataka kuketi kwenye kigoda. Katika kuchuchumaa huko kudogo, uzito unaoikandamiza ardhi hupungua kwa kitambo, kisha mguu wa mbele, yaani ule ulio upande wa shabaha, hukanyaga kwa kani inayoweza kuzidi uzito wa mwili mzima, goti likanyooka na nyonga ikarudi nyuma. Wakati huohuo unyayo wa mbele huisukuma ardhi kuelekea vidoleni na ule wa nyuma kuelekea kisiginoni, na majibu ya ardhi, yakipingana, humgeuza mchezaji kama mikono miwili inavyozungusha usukani.

Nguvu, hata hivyo, wanazo wengi. Ufundi uko katika kupokezana. Nyonga hutangulia, kifua hufuata, kisha mikono, na mwisho fimbo, kila kimoja kikipunguza mwendo pale kinachofuata kinaposhika kasi, mithili ya mjeledi ambao ncha yake hulia mpini ukiwa umekwisha kutulia. Tangu fimbo ianze kushuka hadi igonge mpira hupita kama robo sekunde, muda usiotosha akili kutoa amri mpya, na kwa hiyo kosa la unyayo halisahihishwi na kiganja, ingawa wanagenzi hujaribu bila kuchoka. Snead alipenda kufanya mazoezi peku, na waliodhani ni kituko cha mtu wa milimani hawakuitazama miguu yake vizuri: unyayo mtupu hauna misumari ya kiatu ya kuushikilia nyasini, na anayejitupa kwa pupa huteleza kabla hajaufikia mpira.