Ustadi wa Kujenga Polepole

Banished, mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 2014, hauna adui wa kupigana naye wala sarafu za kuhesabu. Una familia chache zilizofukuzwa kwao, msitu, mto, na majira ya baridi yanayokaribia. Luke Hodorowicz aliutengeneza peke yake, na uzito wote akauweka kwenye swali moja: mikono hii michache ifanye nini kabla theluji haijaanguka?

Ustadi huanzia kwenye gogo. Mjenzi analitaka kwa nyumba, mpasua kuni analitaka ili watu wasife kwa baridi, na mhunzi analitaka, pamoja na chuma, atengeneze zana. Ukimpa mjenzi yote, utapata nyumba nzuri zisizo na moto. Ukimnyima mhunzi, huoni hasara leo wala kesho. Zana huchakaa taratibu, kazi huzorota, magogo hupungua, hatimaye hata gogo la kuanzia zana mpya halipo. Ndiyo maana mchezaji hodari haridhiki na kujua ghalani mna nini. Hutaka kujua kinaingia kwa kasi gani na kutoka kwa kasi gani.

Wahenga walisema akiba haiozi, na humu ni kweli tupu: chakula kilichowekwa ghalani hakiharibiki kamwe. Lakini shibe ndiyo humponza mchezaji. Akiona ghala limefurika, hujenga nyumba nyingi kwa mpigo. Vijana wanahamia, wanaoana, wanazaa, na walaji wanawazidi wafanyakazi. Wakinusurika na njaa, kizazi kile kitazeeka pamoja na kufa pamoja, na mashamba yatakosa wakulima. Asiyejenga kabisa naye hasalimiki: vijana hubaki kwa wazazi wao bila kuanzisha familia, mpaka kijiji kinabaki cha wazee waliozungukwa na vyakula. Fundi hujenga nyumba moja, akasubiri, akajenga nyingine, ili kila rika liwe na watu wake. Anachosawazisha hasa ni umri wa watu. Mahindi na kuni hufuata.

Subira hiyo hiyo inadaiwa na shule. Bila shule, mtoto huanza kazi akiwa na miaka 10. Ukimsomesha, unaikosa nguvu yake kwa muda, kisha unampata mtu mwenye tija zaidi. Wahamaji nao hubisha hodi wakiomba makazi: ni nguvukazi ya papo hapo, ila hawakusoma, wanataka kula leo, na huenda wamebeba maradhi. Kuwakubali au kuwakataa ni hesabu, si huruma peke yake.

Mcheza bao mzoefu hatazami shimo analochotea. Anatazama kete ya mwisho itaangukia wapi. Mpangaji wa kijiji hiki naye hufikiri hivyo, ila kete zake huzaliwa, huzeeka na kufa.

Mchezo wenyewe hauna mstari wa ushindi. Wachezaji hupenda kusimulia walivyookoa kijiji kilichobakiwa na watu wachache, na visa hivyo ni vitamu. Hata hivyo, kila kisa cha uokozi ni ushahidi wa hesabu iliyokosewa misimu kadhaa nyuma. Sifa zangu nampa yule asiye na kisa, ambaye kijiji chake hakikuhitaji kuokolewa.