Hesabu za Kitandani Hazimwamshi Mtu

Kosa lilifanyika usiku, si alfajiri. Kijana wa Igoma, hapa Mwanza, mwenye safari ya basi la saa 12 alfajiri pale stendi ya Nyegezi alitegesha Alarmy, ile programu ya Wakorea, iite saa 10. Sauti aliipandisha hadi mwisho na kuzima simu akakuzuia. Hapo hana lawama. Akafika kwenye kazi za kuzimia alamu: hesabu, kutikisa simu, picha ya mahali, kuskani msimbo pau. Akachagua hesabu, ngazi rahisi, maswali matatu, simu ikiwa ndani ya chandarua, ubavuni mwa mto.

Hesabu, tena rahisi! 14 jumlisha 9 mtu huijibu kafumba jicho moja. Alamu ikanyamaza, naye akageukia ukutani. Basi halikumsubiri.

Mang'amung'amu ya usingizi kwa kawaida huchukua dakika 15 hadi 30, na sehemu ya mbele ya ubongo, inayopanga na kuamua, huchelewa kuzinduka. Fumbo gumu huisukuma ifanye kazi, sikatai. Lakini jibu sahihi linathibitisha kwamba ulikuwa macho dakika ile tu, halikutoi kitandani. Angechagua msimbo pau wa boksi la dawa ya mswaki, boksi likakaa uani karibu na bomba, angelazimika kuinua chandarua, kutafuta kandambili, kufungua komeo na kuwasha taa. Taa hiyo ina uzito wake hapa Mwanza: saa zetu ni zile zile za Dar, ila jua letu huchomoza karibu nusu saa baada ya lao. Saa 10 ni giza tupu.

Na snuzi, kitufe cha kuahirisha alamu, adui yangu wa siku zote! Tangu General Electric waiingize sokoni mwaka 1956, saa imegeuka ya kubembelezana. Gauri Nanda wa MIT alilielewa hilo: saa yake Clocky yenye magurudumu, iliyotwaa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2005, iliruka mezani ikakimbia. Na kabla yake wazee wetu walikuwa na saa ya ufunguo yenye kengele mbili, juu ya sahani ya bati, mbali na kitanda. Haikuuliza swali, na zamu ya kiwanda cha nguo cha Mwatex waliiwahi.

Mwenye safari kesho, ondoa hesabu usiku huu, futa snuzi, na simu ilale nje ya chandarua.