Kuku Anayewika: Namna Kichekesho cha Redio Kinavyoundwa kwa Ajili ya Sikio

Aghalabu vitabu vyetu vya kiada hutaja vichekesho kwa sentensi mbili tatu: ni maigizo mafupi, huchekesha, huadilisha, hukejeli maovu. Mwalimu husoma, mtahiniwa hunakili, kisha wote wawili husonga mbele kwenda kwenye ngomezi. Swali linaloachwa nyuma ni la msingi. Kichekesho hicho hufanyaje kazi? Makala hii inanuia kulijibu kwa kutazama aina moja tu, kichekesho cha redio, na hasa jinsi sehemu moja ya kipindi inavyojengwa tangu karatasini hadi masikioni mwa msikilizaji.

Mfano ulio karibu nasi huku Jego ni Pwagu na Pwaguzi, kipindi cha Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) kilichopendwa sana katika miaka ya 1980, kwa sauti za Rajabu Hatia na Ali Keto. Nimesema kilikuwa karibu nasi kwa kuwa mawimbi ya redio hayasimami Lungalunga kugongewa muhuri. Wazee wa Jego na Vanga hukitaja kipindi hicho kana kwamba kilitoka Mombasa.

Tuanze na jina. Methali husema pwagu hupata pwaguzi. Pwagu ni mwizi. Pwaguzi ni mwizi aliyemzidi. Kwa maneno manne tu (ukihesabu na jina la kipindi) msikilizaji amekwisha kupewa msuko mzima: mjanja atatega, na mjanja zaidi atamtegua. Hapa walimu wengi watauliza, taharuki iko wapi ikiwa mwisho unajulikana? Jibu langu ni kwamba taharuki ya kichekesho haimo katika "nini kitatokea" bali katika "kitatokeaje". Ndivyo ilivyo hata katika hekaya za Abunuwasi na ngano za sungura. Hakuna mtoto anayedhani sungura atashindwa na fisi, na bado hakuna anayeondoka kabla ya mwisho. Methali katika jina la kipindi ni ahadi, na kazi ya mwandishi ni kuchelewesha malipo yake.

Ama kuhusu uundaji wenyewe, jambo la kwanza ambalo mwandishi wa redio hunyang'anywa ni macho. Tamthilia tunazofundisha zimejaa maelekezo ya jukwaa ndani ya mabano: anakunja uso, anachungulia dirishani, anaonyesha barua. Redioni mabano hayo hayana thamani. Kila kilichomo ndani yake sharti kihamie katika sauti, katika neno, au katika kimya. Na Kiswahili kina hazina ambayo sidhani tunaithamini vya kutosha: ngeli za mahali. Mhusika akisema "humu mna joto", tumeingia chumbani bila seremala wala pazia. Akisema "huku kuna upepo", kuta zimebomoka. Akisema "hapa pana alama ya kiatu", tumeinama naye kutazama chini. Silabi tatu hizi, pa, ku na mu, ndizo mafundi wa mandhari ya redio ya Kiswahili. Mwalimu anayelalamika kwamba wanafunzi huchoshwa na somo la ngeli na awape kazi ya kuandika onyesho la redio lenye mahali patatu tofauti pasipo msimulizi.

Jambo la pili ni umbali. Katika studio, mwigizaji "huondoka" kwa kurudi nyuma hatua chache kutoka kwenye maikrofoni au kwa kugeuza uso. Mnong'ono uliosemwa mdomo ukikaribia maikrofoni humfanya msikilizaji kuwa msiri wa mhusika. Ndio uzungumzi nafsia wa redio. Jukwaani mnong'ono sharti upigwe kwa sauti ya kutosha kufika safu ya nyuma, nasi hukubali uongo huo kwa adabu. Redioni hapana uongo wowote: mlaghai ananong'ona sikioni mwangu, nami tayari ni mshirika wake katika hila. Maadili ya kichekesho cha wajanja huanzia hapo. Hatuwezi kumhukumu Pwagu tukiwa mbali, kwa sababu hatujawahi kuwa mbali naye.

Jambo la tatu ni sauti zisizo maneno. Ulimwenguni kote mafundi wa redio wametumia vifuu vya nazi kuiga kwato za farasi (nasi wa pwani tulio na vifuu tele na farasi haba hatujanufaika ipasavyo na ufundi huo). Inasimuliwa kwamba Spike Milligan, mwandishi mkuu wa kipindi cha The Goon Show kilichotangazwa na BBC kati ya 1951 na 1960, aliwahi kutaka sauti ya soksi iliyojaa kastadi ikigonga ukuta. Aliomba kastadi jikoni, akavua soksi zake, akaijaza, akagonga; na sauti iliyotoka haikuwa aliyoitaka. Kisa hicho huchekesha, lakini kina nadharia nzima ndani yake. Sauti halisi si lazima isikike kuwa ya kweli. Kinachohitajika ni sauti ambayo akili ya msikilizaji itaijazia picha. Kiswahili kina njia ya mkato hapa pia, nayo ni tanakali. Mwigizaji akisema "akatumbukia chubwi", fundi wa sauti anaweza kwenda kunywa chai.

Kuonyesha haya kwa vitendo, nitatumia onyesho dogo lililoandikwa na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kwa kufuata kanuni ya methali ile. Si sehemu ya kipindi chochote kilichorekodiwa na RTD. Walinasa kwa simu ya mkononi, nyuma ya darasa. Walaghai wawili, Hamisi na Juma, wako stendi ya Lungalunga jioni, wana kapu:

HAMISI: Mama, shikamoo.
MAMA MISHI: Marahaba wanangu.
HAMISI: Kuku huyu mama, wa kienyeji, ataga kila siku.
(Jogoo anawika kapuni.)
MAMA MISHI: Mbona awika?
JUMA: Anakohoa, mama. Ni upepo wa bahari.
MAMA MISHI: Masikini. Basi nipani, nikamchemshie tangawizi.

Mama analipa, anaondoka, sauti ya kandambili inafifia.

JUMA: Hamisi, noti hii ina tarehe.
HAMISI: Noti zote zina tarehe.
JUMA: Ina Jumatatu hadi Jumapili.

Mtazame kuku huyo. Jukwaani mzaha huu hauwezi kuishi. Hadhira ingeona upanga wa jogoo kabla Hamisi hajafungua kinywa, au ingeona kapu tupu na kujua kuna mtu nyuma ya pazia. Redioni neno "kuku" linaweka kuku kapuni, kisha sauti inamkana. Kinaya kinazaliwa katika ufa ulioko baina ya kinachosemwa na kinachosikika, na ufa huo ni mali ya redio peke yake. Vivyo hivyo kuhusu noti. Mama Mishi analipa "mbele yetu", sauti ya karatasi tunaisikia, na sisi tusioona tunadanganywa pamoja na walaghai. Mtahiniwa anayetaka kueleza tofauti ya kinaya cha kimaneno na kinaya cha hali hatapata mfano mwepesi kuliko huu.

Ufundi mkubwa zaidi, hata hivyo, umo katika mahali ambapo hakuna kitu. Katika unasaji wa kwanza, Juma alitamka "Ina Jumatatu hadi Jumapili" mara tu Hamisi aliponyamaza. Hakuna aliyecheka. Katika unasaji wa pili walisubiri kidogo, kiasi cha mtu kuigeuza karatasi upande wa pili, na kicheko kikaja. Enzi za utepe, kimya kama hicho kilikuwa kitu cha kushikika mkononi. Vinasa sauti vya studio vilizungusha utepe kwa sentimita 38 kwa sekunde, hivyo kimya cha nusu sekunde kilikuwa na urefu wa sentimita 19, pungufu kidogo ya shubiri. Fundi aliyeona kimya kimezidi alikata utepe kwa wembe, akaunga ncha mbili kwa gundi. Aliyetaka kukirefusha aliongeza kipande. Tunapowaambia watahiniwa kwamba mdokezo (...) "huonyesha maneno hayakukamilika", tunawapa nusu ya habari. Katika kichekesho nukta hizo ni kipimo cha muda, na anayezisoma haraka ameua mstari.

Je, hii ni fasihi simulizi au andishi? Swali hili huzua mabishano katika vyumba vya walimu, na jedwali la tanzu halisaidii. Kuna mswada, kwa hivyo ni andishi. Kuna sauti na fanani, kwa hivyo ni simulizi. Lakini hadhira haionekani wala haiwezi kumkatiza fanani, na utendaji unaweza kurudiwa bila kubadilika, mambo ambayo fasihi simulizi ya jadi haiyajui. Walter Ong, katika kitabu chake cha 1982 kuhusu usimulizi na uandishi, aliuita usimulizi wa redio na televisheni kuwa wa awamu ya pili, maana umesimama juu ya maandishi. Ningependa mtahiniwa anayetetea upande wowote kwa sababu hizi apewe alama zake, kuliko yule anayetaja jina la utanzu peke yake na kupata sawa naye.

Limebaki suala la lafudhi, na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu. Vichekesho vya Kenya vimetegemea sana lafudhi. Benson Wanjau, aliyefariki 2015, Mkikuyu aliyemwigiza Mzee Ojwang wa Vitimbi kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, alikuwa bingwa wa sikio, na sina nia ya kumpunguzia sifa. Lakini darasani kicheko cha lafudhi huwa na mahali pa kuangukia. Katika mswada wa kwanza wa wanafunzi wangu, Mama Mishi aliigizwa na kijana asiye wa huku, akaivuta lafudhi ya Kidigo mpaka ikawa kikaragosi. Darasa lilicheka, isipokuwa wale ambao bibi zao husema hivyo.

Niliwauliza Mama Mishi anachekesha kwa nini. Walijibu: kwa namna anavyosema. Nikauliza methali inamweka upande gani, pwagu au pwaguzi. Wakanyamaza. Sehemu hiyo ikapewa msichana wa Vanga aliyeisema kwa Kiswahili chake cha nyumbani, bila kukivuta wala kukisafisha, na onyesho likageuka. Lafudhi ile ile sasa ilikuwa mtego: Hamisi na Juma wanaisikia, wanadhani wamempata mshamba, wanalegea. Anaposema "masikini, nikamchemshie tangawizi", msikilizaji hana hakika tena ni nani anayemdanganya nani. Hapo ndipo darasa lilipoanza kucheka katika unasaji wa mwisho, noti ikiwa bado haijakunjuliwa.