KUSOMA NA KUANDIKA HAKUISHII DARASA LA PILI

Upo mtazamo potofu uliokwisha kuota mizizi katika shule zetu za msingi. Unadai kwamba mtoto akishajua kuunganisha silabi katika Darasa la Kwanza na la Pili, kazi ya kumfundisha kusoma na kuandika imekwisha, na kilichobaki ni kumjaza masomo. Tunapenda kuuchambua mtazamo huu, kwa sababu madhara yake hayaishii darasani. Yanamfuata mkulima hadi kwenye mkutano wa kijiji, na mfanyakazi hadi siku ya kutia sahihi mkataba wa kazi.

Katika Elimu ya Kujitegemea (1967) Mwalimu Nyerere alieleza wazi kwamba elimu ya msingi haina budi iwe kamili yenyewe, isiwe matayarisho ya wachache wanaokwenda sekondari, na mtihani usiwe ndio bwana wa mafunzo. Kampeni ya kisomo cha watu wazima ilishika njia hiyo. Mkulima wa Kanda ya Ziwa alijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba na ndizi. Alipohitimu hakuachwa: kulikuwa na maktaba za vijijini na gazeti la Elimu Haina Mwisho. Kwa takwimu rasmi, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka kiasi cha asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Walioongoza kampeni ile walitambua jambo moja la msingi: kisomo kisichotumika hufa.

Je, watoto wetu wa Darasa la Tano hadi la Saba wamepewa nini cha kusoma na cha kuandika? Upimaji wa Uwezo wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mtoto mmoja kati ya watano wanaomaliza shule ya msingi hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Mwaka 2012 Serikali ilitangaza kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Walifaulu vipi? Mtihani ulikuwa, kwa sehemu kubwa, wa kuchagua herufi. Mwaka huohuo wa 2012 majibu ya mtihani wa Darasa la Saba yalianza kusahihishwa kwa mashine. Hata yalipoongezwa baadaye maswali machache ya majibu mafupi, sehemu kubwa ya karatasi ilibaki kuwa ya kuchagua. Hapo mwalimu hufanya hesabu zake: kama insha haimpi mtoto alama, ya nini kuifundisha?

Mwaka 2015 ulianza mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa madarasa mawili ya mwanzo. Hatua hiyo ilikuwa sahihi. Lakini ni kosa kuifanya ngao ya kusahau madarasa ya juu, maana kutamka maneno ni mlango tu. Nyumba yenyewe ni kuelewa, kupima na kujieleza.

Tuangalie somo la ufahamu lifundishwavyo. Tuchukue sentensi hii isiyo na maana yoyote: ‘Alipobaduza kidunje, vifuri vyote vilisumbaa.’ Swali: vifuri vilifanya nini? Jibu: vilisumbaa. Mtoto amepata vema, wala hakuna aliyeelewa lolote. Maswali mengi ya ufahamu yamejengwa hivi. Yanamzoeza mtoto kuchopoa neno, hayamzoezi kuuliza: mwandishi anadai nini? Ana ushahidi gani? Ameficha nini? Mtu aliyelelewa hivyo, taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji ikibandikwa ukutani, ataisoma kwa sauti nzuri bila kuona fedha zilizopotea.

Kuandika nako kumegeuzwa kuwa kunakili. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wanahamishia madaftarini, na daftari lililojaa linahesabiwa kuwa maendeleo. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kuandika hesabu ya mavuno ya shamba la shule, muhtasari wa kikao cha darasa, barua kwa mwenyekiti wa kijiji kuhusu kisima kilichoharibika. Hizo ndizo kazi zitakazomngoja akiwa mtu mzima. Akiandika barua ile, airudie, aisahihishe, wenzake waisome na kuihoji, atakuwa amejifunza kupanga fikra.

Wapo watakaosema: mwalimu mwenye watoto 90 atasahihisha insha ngapi? Hoja hii ni nzito, na ufumbuzi wake wa kweli ni walimu zaidi na madarasa zaidi. Lakini haihalalishi kukaa bure. Aya moja inatosha badala ya kurasa mbili. Mwalimu asahihishe madaftari 18 kwa siku, na katika siku tano za juma atakuwa amewafikia wote 90. Watoto wasomeane kazi zao wawili wawili. Kitabu kimoja kikisomwa kwa zamu na kujadiliwa kwa makini, kina faida kuliko vitabu kumi vilivyofungiwa kabatini kwa ofisi ya mwalimu mkuu.

Jambo hili halina nafasi ya kusubiri. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 unaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba. Mwaka mmoja umeondolewa. Tusipobadili ufundishaji wa madarasa ya juu, udhaifu uleule utamwingiza mtoto sekondari mapema zaidi, na huko atakabiliwa na masomo kwa Kiingereza. Mtoto asiyeweza kujenga hoja kwa Kiswahili hataijenga kwa lugha ngeni.

Kwa hiyo tunashauri mambo mawili. Kwanza, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi umtake kila mtoto aandike aya zake mwenyewe, ziwe na alama za kutosha kumfanya mwalimu azifundishe. Pili, kamati za shule zidai kuona madaftari ya insha kama zinavyodai hesabu za fedha. Mzazi asiulize tu mtoto amekuwa wa ngapi. Amwambie: niandikie ulichojifunza leo, nisomee, kisha nieleze.