Weka, Niwekee, Si Uniwekee

Ukishuka Digo Road, Nairobi, asubuhi kuelekea mto, utalisikia soko la Gikomba kabla ya kuliona. Spika zenye mdomo wa tarumbeta zimefungwa kwenye miti juu ya meza za mitumba, kila moja na betri yake na memori kadi yake, na kila moja imeyashika maneno yake haiyaachi: "Mia, mia, mia! Chagua na mia! Mama chagua, dada chagua, chagua na mia!" Hatua nne mbele ni hamsini. Ng'ambo ya njia ipo inayouza dawa ya wadudu. Aliyekaa nyuma ya meza anaweza kuwa msichana anayekunywa chai yake taratibu, huku spika ikinguruma kwa sauti ya mwanamume wa makamo.

Nimekuwa nikizisikiliza kwa sikio la mhakiki kwa sababu ya spika ya aina nyingine kabisa, ile ndogo inayokaa mezani sebuleni ikingoja kuamriwa. Amazon ilitoa yake ya kwanza, Echo, Novemba 2014. Ya Google ikafuata 2016. Wapo wanaoiita spika janja, jina linalochekesha kidogo huku, maana mjanja wa Gikomba ni yule aliyewahi bale ya mitumba ikifunguliwa akaondoka na kamera, nguo za chaguo la kwanza, akawaachia wengine fagia, yale mabaki. Jamaa yangu mmoja wa mtaa wa Umoja anayo, aliletewa na mwanawe aliye Marekani. Anaitumia kwa mambo matatu: kuhesabu dakika za maharagwe yaliyo jikoni, kufungulia redio, na kuuliza kama mvua itanyesha kabla hajaanika nguo. Stima ikipotea inabaki kuwa pambo. Sina ugomvi na matumizi hayo. Ninachotaka kukisoma ni sentensi inayoiendesha, kwa sababu ni tungo kama tungo nyingine, na kanuni zake ni kali kuliko zinavyoonekana.

Tuanze na tungo ya sokoni. "Mia, mia, mia." Nomino ya bidhaa haimo. Muuzaji hasemi sweta wala shuka. Rundo lililo mbele ya macho ndilo linalokamilisha sentensi, kwa hiyo tungo hii haieleweki ukiitoa mahali pake. Bei inafungua, bei inafunga, na katikati pamewekwa kitenzi kimoja. Kitenzi hicho kiko katika umoja. Umati mzima unapita, lakini hakuna "chagueni". Kila mpitaji anaambiwa peke yake, "chagua", na kabla ya kuambiwa amepewa heshima yake: mama, dada. Ndiyo maana amri hiyo kavu haimkeri mtu. Hata kile kihusishi "na", ambacho mwalimu wa Kiswahili angekisahihisha kuwa "kwa", kinafanya kazi. "Chagua kwa mia" ni maelezo ya malipo. "Chagua na mia" inakuweka wewe na noti yako pamoja, kama wenzi wa safari.

Ya dawa ya wadudu ina ufundi zaidi, na naikubali kuliko zote. Kwa mpangilio ninaousikia mara nyingi, inaorodhesha panya, mende, kunguni, viroboto. Hesabu silabi: mbili, mbili, tatu, nne. Kiumbe anavyozidi kuwa mdogo, jina lake linazidi kurefuka, na mkazo unabaki palepale, silabi ya pili kutoka mwisho, kama mguu unaopiga chini. Sidhani aliyeirekodi alikaa kuhesabu. Lugha ilimhesabia.

Sasa ile ya sebuleni. Umbo lake ni jina, kituo kifupi, kitenzi, kitu. Jina halina budi kutangulia, kwa sababu chombo kimelala macho na kinaamshwa na neno hilo moja. Amazon walichagua "Alexa" kwa sababu, pamoja na kukumbusha maktaba ya kale ya Aleksandria, konsonanti yake ngumu ya katikati inaifanya isichanganyike kwa urahisi na maneno mengine. Katika kinywa cha Mswahili, konsonanti mbili zinazofuatana namna hiyo, k na s, ni jiwe kwenye wali. Wengi huingiza irabu kati yake ili zipitike. Isitoshe, Nairobi ina akina Alex wasiohesabika, na nyuma ya kila Alex yupo Mama Alex. Fikiria nyumba za mtaa wa Majengo kule Pumwani, vyumba vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja, kuta ambazo kikohozi hupita bila hodi. "Mama Alex, una chumvi?" Echo ya kwanza ilikuwa na maikrofoni saba za kutambua sauti inatoka upande gani wa chumba. Ustadi mkubwa, ila umejengwa juu ya dhana kwamba anayesikika ndiye mwenye nyumba. Tena Mama Alex ni jina la uhusiano, linakueleza mtu huyu ni wa nani. Alexa ni jina lisilo na mama wala mtoto.

Hapo ndipo umbo la mwito wetu linapoachana na lao. Kiswahili kina utaratibu wa zamani wa kuingia kwa sauti. Ukisema "Hodi", umesema nusu tu. Nusu ya pili iko ndani kwa mwenyeji, na usipoipata husogei. Mtoto akiitwa jina hapewi ujumbe palepale. Anangojwa aseme "Abee" au "Naam", ndipo aambiwe alichoitiwa. Hata mtambaji hatambi mpaka "Paukwa" yake ipate "Pakawa". Mwito ni mshororo unaodai mwenziwe. Kwa spika janja, mahali pa mwenziwe panawaka taa ya buluu, na amri inafuata kwa pumzi ileile. Nilipomtazama yule jamaa yangu akiitumia, niliona kwamba yeye hushindwa kabisa kuunganisha. Huita, hunyamaza, hungoja kuitikiwa, na taa huzimika kabla hajasema lake.

Halafu kitenzi. Alexa imefundishwa lugha kadhaa lakini Kiswahili hakimo, kwa hiyo wenye chombo hicho huku huamuru kwa Kiingereza. Lakini jaribu kuiandika amri hiyo kwa lugha yetu uone inavyokataa kutulia. "Weka muziki." Unamwambia nani hivyo? Mtoto wako, pengine, na ukiwa umekasirika. Msaidizi wa nyumbani, ambaye watu waungwana humwita dada, hutamwambia hivyo mbele ya wageni. Mtu mzima utamwambia "niwekee muziki". Neno ni moja, silabi nne, na ndani yake mna watu wawili: mimi ninayefaidi, na wewe unayetenda kwa ajili yangu. Kauli ya kutendea imeingia, irabu ya mwisho imetoka kwenye "a" ikawa "e", na amri imegeuka kuwa ombi bila kuongezwa neno lolote la adabu.

Kiingereza hakina njia hiyo. Adabu yake hukaa nje ya kitenzi, katika neno linaloweza kudondoshwa, "please", na wazazi wa Marekani walilalamika kwamba watoto wao wanajifunza kuamuru bila kuomba. Mwaka 2018 Amazon wakaongeza utaratibu wa kumpongeza mtoto anayelitia neno hilo katika ombi lake. Kiswahili kina "tafadhali", lakini nani huitumia nyumbani Pumwani? Tafadhali imebandikwa kwenye milango ya ofisi na kuta za hospitali. Nyumbani adabu iko kwenye irabu, na kama haiko kwenye irabu iko kwenye sauti.

Na Nairobi imekwenda mbali zaidi. Hapa mtu akitaka kitu kwa upole husema "Si uniwekee muziki." Msomaji wa kutoka mbali atadhani ni kukanusha. Kwa umbo, ni kweli. "Si" ni kikanushi tangu enzi. Kwa matumizi, ni ombi lililovaa nguo za swali, linalomwachia anayeombwa mlango wa kukataa bila kumvunjia mtu heshima. Naona ni uvumbuzi mzuri mno wa kisarufi, na unapita kila siku sokoni bila kupigiwa makofi. Google iliingiza Kiswahili katika uandishi wake wa kwa sauti Agosti 2017, na mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za Waswahili wanaosoma sentensi zinazotokea kwenye skrini. Hizo ni juhudi za kushukuriwa. Lakini sentensi iliyosomwa peke yako, chumbani pakiwa kimya, ni ndugu wa mbali wa sentensi iliyoombwa. Hakuna anayesomea skrini "si unipee".

Saa nayo ina umbo. Mama wa mitumba akitaka kuwahi bale huamka saa kumi. Kama anakaa Majengo, ana adhana ya alfajiri ya kumhimiza, inayojua majira bila kuulizwa. Akitaka mashine imwamshe, lazima kwanza ageuze saa yake kuwa ya Kiingereza, kumi iwe nne. Watu wa Nairobi hufanya hivyo katikati ya sentensi bila kuhisi, wakitoka lugha moja wakiingia nyingine. Mashine itakayojifunza neno kumi isijifunze kwamba saa za Mswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza na linapotua, itamwamsha wenzake wakiwa wameshabeba kamera zote.

Jambo moja kwa yule jamaa wa Umoja lilinikaa moyoni. Amri zote alitoa kwa Kiingereza, kwa sauti ya mwalimu anayeita majina darasani. Ilipomjibu kuhusu mvua, aligeukia sufuria yake akasema, kwa sauti ya chini na kwa Kiswahili, "Haya, asante." Shukrani hiyo haikuwa na jina mbele yake. Nafikiri hakujua ni cheo gani angeipa: si mtoto, si dada, si mgeni. Lugha yetu haianzi kuomba mpaka ijue inamwomba nani, na kitu kile hakikuwa mkubwa wala mdogo wa mtu yeyote katika nyumba ile.

Jioni, kama saa kumi na moja, nilirudi Gikomba kwa ajili ya mwisho wa siku. Spika iliyoanza na mia asubuhi ilikuwa bado inasema mia, kwa sababu ndiyo iliyorekodiwa, na rundo lilikuwa limebaki fagia tupu. Kijana akanyoosha mkono akaizima. Akapanda juu ya meza akaanza kuita kwa mdomo wake: hamsini, hamsini basi, mama hamsini, tunafunga. Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni alikuwa ameshika sweta ndogo ya bluu, akiigeuza kutafuta tundu.

"Si unipee na mbao?"

Kijana aliangalia mawingu yaliyokuwa yakija kutoka upande wa Shauri Moyo, akaliangalia rundo, kisha akanyoosha kiganja kwa ile shilingi 20.

"Leta."