Marijani Ndani ya Kioo: Kigandamizo cha Karatasi katika Nineteen Eighty-Four ya George Orwell
Ni kawaida kukisoma kigandamizo cha karatasi anachokinunua Winston dukani kwa Charrington kuwa ishara ya wakati uliopita ambao Chama hakijaufuta. Usomaji huo una mashiko, ila unaisahau sifa ya kioo chenyewe. Kuba la kioo ni lenzi, hukuza kilichomo. Kwa sifa hiyohiyo, mafundi wa Baccarat, Saint-Louis na Clichy nchini Ufaransa, katika miaka ya 1840, walivifanya vijiua vya vioo vya rangi vionekane bustani. Winston naye anayatazama marijani, ambayo muuzaji anakisia yalitoka Bahari ya Hindi, anaona ulimwengu mzima wa kuishi yeye na Julia. Kioo kinapovunjwa siku ya kukamatwa kwao, kipande cha marijani kinabingirika, naye anashangazwa na udogo wake. Kwa hiyo, tunadai kwamba Orwell haombolezi tu wakati uliopita. Analihoji pia jicho linaoutukuza. Hata hivyo, marijani yangalipo baada ya kioo kuvunjika: kilichotoweka ni ukubwa wake, si uhalisi wake.